Breki za Mwalimu

Kesho yake saa nne asubuhi fundi wa breki alikuwa apandishwe kizimbani kwa kosa la kumuua Mwalimu bila kukusudia, na pale kituoni kila mtu alishaifunga kesi hiyo kichwani mwake, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa amelala chali kwenye vumbi la uani, nusu mwili uvunguni mwa gari la kale la rangi ya maziwa, viatu tu vikionekana.

"Afande, watu wanatuangalia," Koplo alisema.

"Waache waangalie. Nipe tochi."

Wenzake walimwita Mama Taratibu, tena mbele yake, naye aliitika. Alikuwa Inspekta mwenye miaka ishirini na sita kazini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Faili hili alikabidhiwa jana jioni tu, aliyekuwa nalo alipohamishwa, na aliambiwa waziwazi kwamba kazi yake ni kusaini na kupeleka mahakamani. Alilisoma mara mbili. Kisha akaomba funguo za lile gari.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Gari alilinunua mwaka aliooa, akalitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Wiki nane zilizopita alilipeleka kwa fundi alitoe breki za ngoma za zamani kwenye magurudumu ya mbele na kulifunga breki za diski za kisasa. Wiki mbili zilizopita alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale kule juu mlimani, akapata kikombe, na wakati wa kurudi, akiwa peke yake garini, breki zilimkatalia kwenye mteremko. Gari liliacha barabara likapiga nguzo upande wa dereva. Kwenye kioo cha mbele bado kulikuwa na karatasi ya namba ya maonyesho: ishirini na saba.

"Nisomee tena ripoti ya mkaguzi wa magari," sauti ilitoka uvunguni.

Koplo akafungua faili. "Diski za mbele zimegeuka rangi kuwa bluu kwa sababu ya joto kali. Pedi zinazobana diski zimeungua. Masta silinda iliyofungwa ni ya zamani, ilhali risiti ya fundi inaonyesha alifunga mpya. Hitimisho: fundi alitumia vifaa duni na kumdanganya mteja."

Masta silinda ni ile pampu ndogo chini ya boneti inayosukuma mafuta ya breki hadi magurudumuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa imemtia fundi kitanzi shingoni. Karatasi inasema mpya, macho yanaona ya zamani, na hakuna hakimu anayehitaji kuelezwa mara mbili.

"Na pedali, anasemaje?"

"Pedali ni ngumu. Breki zinashika."

Inspekta akajitoa uvunguni, akajipangusa. "Mtu amekanyaga breki mpaka pedali ikagusa sakafu, gari lisisimame, akafa. Siku ya pili anakuja mkaguzi, anakanyaga, zinashika. Hilo halikusumbui, Koplo?"

"Mimi hata baiskeli sina, afande."

"Njoo uone kitu ambacho hata asiye na baiskeli atakiona."

Alimwinamisha kwenye gurudumu la kulia, akamulika nyuma ya diski. Kwenye kila nati palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya njano. Ulianzia juu ya nati ukaendelea kwenye chuma kilicho kando yake, umenyooka. Gurudumu la kushoto vilevile. Kisha akafungua boneti. Pale ilipokaa masta silinda, imesuguliwa ikang'aa, kulikuwa na nati mbili. Nusu ya mstari wa njano ilikuwa kwenye chuma cha gari. Nusu ya pili, juu ya nati, ilitazama kwingine kabisa.

"Labda alipaka ovyo," Koplo alisema.

"Nati kumi na mbili azipake sawa, hizi mbili ndizo azipake ovyo?" Alipitisha kidole chini ya masta. Rangi ya maziwa pale ilikuwa laini na mpya, imepakwa kwa brashi juu ya doa. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari, na mtu aliyeyamwaga alijitahidi kuficha. "Leta jeki."

Waliinua upande wa mbele. Koplo akaketi kwenye kiti cha marehemu, kwa kusitasita, mlango ule uliobonyea ukimbana bega.

"Kanyaga. Achia. Umeachia kweli?"

"Mguu uko hapa nje, afande, uone mwenyewe."

Inspekta akashika gurudumu kwa mikono miwili akalizungusha. Halikuzunguka. Lilisogea kwa kulalamika, pedi zikikwaruza diski, kama vile mguu wa Koplo ungali juu ya pedali. Akachukua spana, akalegeza nati ndogo ya kutolea hewa. Mafuta meusi yakaruka yakamlowesha mkono. Akalizungusha tena gurudumu, na safari hii likaenda raundi tatu nzima kabla halijasimama.

Alisimama pale akijipangusa mkono kwa muda mrefu kuliko mafuta yenyewe yalivyohitaji.

"Twende tukamwone fundi," alisema.

* * *

Fundi alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kucha nyeusi zisizotakata, viatu bila kamba kwa sababu kamba huchukuliwa mtu anapoingia mahabusu. Kwa siku kumi na mbili alikuwa amejibu maswali yote kwa maneno mawili, "Nilifunga mpya," mpaka wapelelezi wakamchoka. Mkewe alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje na chupa ya chai, akaondoka jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Ile rangi ya njano ni ya nini?"

Hapo ndipo alipomtazama. Alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ugenini.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kila nati nikishaikaza, naipiga mstari. Nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma. Ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika, najua kuna mtu kaigusa. Nilikuwa kijana, gurudumu la gari la mteja lilichomoka barabarani. Hakufa mtu, ila tangu siku ile silali mpaka nipige mstari."

"Siku zote hizi mbona hukusema?"

"Niliulizwa habari za risiti. Rangi hakuna aliyeniuliza."

Koplo akajikohoza. Inspekta akavuta kiti, akakaa. "Basi nieleze tangu mwanzo. Mwalimu alichaguaje hizi breki?"

Ulimi wa fundi ukafunguka. Mwalimu alikuja gereji mara nne kabla ya kuamua, kila mara na maswali ameyaandika kwenye karatasi. Fundi alimpa njia tatu. Ya kwanza, aziache ngoma zilezile, zichongwe, zifungwe viatu vya breki vipya. Mwalimu alikataa, kwa sababu mkewe alishasema hapandi tena gari linalosimama pale linapotaka lenyewe. Ya pili, achukue diski kubwa za gari la kisasa lililokatwa vipuri. Nguvu zingekuwa nyingi, lakini zingelazimisha magurudumu makubwa.

"Akaniambia, fundi, magurudumu haya ndiyo yaliyomleta mke wangu nyumbani siku ya harusi. Sitoi."

"Na ya tatu?"

"Seti ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lile. Diski zinaingia ndani ya magurudumu ya zamani, kwa nje huoni kitu. Na inakuja na masta yake. Nilimwambia, Mwalimu, hii ukinunua ni yote. Diski na masta yake ni mtu na mkewe, huchukui mmoja ukamwacha mwingine."

"Kwa nini? Masta si masta tu?"

"Hapana, mama." Fundi alikunja viganja vyake, akavigeuza kuwa breki. "Ngoma zina springi kali. Ukiachia pedali, springi zinavuta viatu nyuma. Kwa hiyo masta ya ngoma ina kivali mdomoni, kama kilango kidogo, kinabakiza mafuta yenye nguvu kidogo kwenye bomba ili breki zisichelewe. Diski haina springi. Ukiiwekea masta ile, unaachia pedali lakini pedi haziachii. Zinasugua, zinasugua, zinapata moto. Mafuta yanachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga hewa."

"Na yakipoa?"

"Yakipoa breki zinarudi. Kesho yake utaapa hazina ubaya."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Kwenda juu mlimani hukanyagi breki sana," Inspekta alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kushuka ndiko." Kisha akauliza, "Masta ya zamani uliipeleka wapi?"

"Nilimrudishia mwenyewe. Chuma cha mtu ni cha mtu. Kila nilichokitoa nakifunga kwenye kitambaa, natia sandukuni, naye anasaini daftari langu. Liko kwenu. Mlilichukua siku mliyonichukua mimi."

Lilikuwa kweli kwao. Lilikuwa kwenye kabati la vielelezo, limefungwa kamba, na fundo la kamba halijawahi kuguswa. Inspekta alilifungua kwa mkono wake mwenyewe, akimtazama Koplo kwa jicho la lawama ingawa hakuwa yeye wa kulaumiwa. Kwenye ukurasa wa tarehe ile, chini ya mwandiko wa fundi uliopinda, palikuwa na wino mwekundu wa mwalimu, herufi zimenyooka: *Nimepokea ngoma mbili, viatu vinne, masta silinda moja ya zamani.* Na sahihi.

"Kwa hiyo masta ya zamani ilikuwa nyumbani kwa marehemu," Koplo alisema polepole.

"Na kama ya zamani iko garini," Inspekta alisema, "mpya iko wapi?"

* * *

Mjane aliwapokea barazani, mtandio mweusi begani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu aliyelia mpaka akakaukiwa.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibuni." Akawakalisha. "Mmekuja kwa ajili ya mke mwenzangu?"

Koplo alishtuka. Mjane akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza labda tangu msiba.

"Lile gari. Miaka arobaini na moja nimeishi nalo ukewenza. Ijumaa liogeshwe, Jumamosi lipigwe msasa. Mimi nikiumwa naambiwa kunywa maji." Tabasamu likafifia. "Ngoja nikwambie kitu, mwanangu, maana kimenikaa kifuani. Mimi ndiye niliyemwambia abadilishe breki. Nilimkalia kooni mwaka mzima. Ningeziacha zile za zamani angekuwa hapa."

Inspekta alisogeza kiti chake karibu naye. "Mama, fundi alirudisha vyuma vya zamani kwenye sanduku. Naweza kuliona?"

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko. Ilikuwa safi, makopo ya rangi yamepangwa, kila moja na karatasi yake yenye wino mwekundu. Sanduku la mbao lilikuwa rafu ya chini. Koplo alilivuta hadi kwenye mwanga, Inspekta akavaa glavu.

Juu kabisa palikuwa na kitambaa cha buluu, kitupu, kimekunjwa. Chini yake ngoma mbili, kila moja imeviringishwa kitambaa kama hicho. Viatu vinne. Na kati ya ngoma palikuwa na kitu kizito ndani ya mfuko wa karatasi nyeupe, mfuko uliochapwa jina la duka la dawa.

Alikitoa. Masta silinda mpya, ya rangi ya fedha, kichupa cha plastiki juu yake. Kwenye mashimo yake mawili ya nati bado kulikuwa na chembe za rangi ya njano.

"Nani katika nyumba hii anatumia mifuko hii?" aliuliza, ingawa mwenye duka hilo alishakuja kituoni mara nne kudai fundi afungwe, na jina la duka lilikuwa limeandikwa kwenye barua zake zote.

"Ya mwanangu wa kwanza," mjane alisema. "Si mfamasia yule? Kuna nini?"

Mlio wa geti ukasikika. Mfamasia alikuwa ameona gari la polisi nje, na aliingia stoo akiwa na koti lake jeupe la kazini. Kijana wa miaka thelathini na saba, amekonda wiki hizi mbili.

"Inspekta, kesho ni mahakamani. Mnatafuta nini tena kwa mama ya—"

Akaona kilichokuwa mkononi mwa Inspekta.

"Faili linasema ulikuwa msaidizi wa baba yako kwenye maonyesho. Ni kweli?" Inspekta aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Ndiyo."

"Waamuzi wanapokagua, mwenye gari anakaa wapi?"

"Nyuma ya kamba. Msaidizi mmoja ndiye anafungua boneti. Na wakiona kifaa kipya wanakata alama."

"Diski hawakuziona."

"Zimefichwa na magurudumu. Lakini hii plastiki..." Alikinyooshea kidole kile kichupa kama kwamba ndicho kilichomkosea. "Miaka tisa anakwenda, miaka tisa anarudi mikono mitupu. Niliibadilisha Ijumaa alipolala mchana. Niliisugua ile ya zamani mpaka nikajiona usoni mwake. Nilijaribu gari mtaani hapa, likasimama vizuri kabisa. Ningeirudisha mpya Jumapili."

"Hukumwambia."

"Angekataa. Angesema ni kudanganya mtihani."

"Mkaguzi alipoandika kwamba fundi ndiye aliyefunga masta ya zamani, ulijua si kweli."

Mfamasia aliegemea rafu. Makopo yakagongana. "Nilijua. Lakini nilifikiri tatizo ni diski. Haki ya Mungu nilifikiri ni diski, ni vifaa vya bandia. Nikaona nikisema habari ya masta, wakili atapata pa kutokea na mtu aliyemuua baba ataponyoka. Masta si masta tu?"

Inspekta alikuwa ameuliza neno hilohilo asubuhi ile. Alimweleza, bila kuongeza wala kupunguza: springi, kivali, pedi zisizoachia, mafuta yanayochemka. Aliona kila hatua ikimwingia, maana huyu alikuwa msomi na hakuhitaji kurudiwa. Alipofika kwenye mvuke, mfamasia aliketi chini, sakafuni, na koti lake jeupe.

"Kwa hiyo hazikuwa diski?" mjane aliuliza kutoka mlangoni. "Si kosa langu mimi?"

"Si kosa lako, mama. Diski zilikuwa nzima. Mwalimu alichagua vizuri."

Uso wa mjane ukafunguka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akamtazama mwanawe pale sakafuni, na Inspekta akaona jinsi alivyotamani arudishiwe mzigo ule.

Koplo, ambaye hakujua aweke wapi macho, alikuwa anamalizia kutoa vitu sandukuni. Chini kabisa, chini ya vyuma vyote, alikuta kipande cha kadi ngumu. Mwalimu alikitanguliza kabla ya kupanga vitu vyake, kama alivyoweka karatasi kwenye kila kopo. Koplo alikisoma kimoyomoyo, akampa Inspekta. Wino mwekundu: *Masta ya zamani ni ya kumbukumbu tu. Fundi amekataza isirudishwe garini.*

Inspekta aliishika kadi ile akifikiri kama amwonyeshe. Lakini ilikuwa kielelezo, na ingesomwa mahakamani mbele ya watu wote. Afadhali aisome hapa. Akamnyooshea.

Mfamasia aliusoma mwandiko wa baba yake. Alipoanza kulia, mama yake alikwenda akakaa chini karibu naye, akakivuta kichwa chake kifuani.

* * *

Saa kumi na nusu karatasi zilikuwa tayari. Askari wa zamu alimmwagia fundi vitu vyake mezani: mkanda, miwani, kamba mbili za viatu. Fundi alisaini kwa herufi zake zilizopinda.

"Mpya ilikuwepo?" aliuliza.

"Ilikuwepo. Na rangi yako juu yake."

"Nani aliitoa?"

Inspekta angeweza kusema upelelezi unaendelea. Ndivyo taratibu zinavyotaka. "Mwanawe. Alitaka baba yake apate kikombe."

Fundi aliketi tena kwenye benchi alilokuwa ameshaliacha. Alishika kamba za viatu bila kuzifunga.

"Angeniuliza," alisema. "Gereji yangu iko njiani. Angesimama dakika moja tu akaniuliza."

Nje, mkewe alikuwa amesimama na chupa yake ya chai, hathubutu kuvuka mlango mpaka aambiwe. Katikati ya korido, kwenye kiti kilicho nje ya chumba cha maelezo, mfamasia alikuwa anasubiri kuitwa. Alimwona fundi akija akainuka.

Fundi akasimama mbele yake, viatu vyake wazi. Askari wa zamu akasogea, tayari kuwaamua.

"Pole kwa msiba, mwanangu," fundi alisema. "Mwalimu alikuwa mtu wangu. Mlimzika mimi niko humu ndani, sikuweza kuja."

Alimpa mkono. Mfamasia aliupokea kwa mikono yake yote miwili, akauinamia. Inspekta alifungua mlango wa chumba cha maelezo, lakini hakuwaharakisha.